Mvuke wa Profesa

Profesa alikuwa na tabia ya kukata kucha mkutanini. Si nyumbani kwake, si ofisini akiwa peke yake. Mkutanini, kila Jumanne asubuhi, sisi wanafunzi wake tumeizunguka meza na mmoja wetu amesimama anaeleza kazi yake ya wiki nzima. Alianza na kidole gumba cha kushoto. Vipande viliruka huku na huku, na siku moja kimoja kilitua juu ya mchoro wangu, katikati kabisa ya nyota niliyokuwa nikiieleza. Akakipuliza kwa mdomo, akasema, "Endelea binti, nakusikia." Na alikuwa anasikia kweli. Dakika mbili baadaye, bila kuinua kichwa, aliniambia kwamba nimesahau kugawanya kwa mbili katika mstari wa tatu. Nilikagua. Nilikuwa nimesahau.

Nataka ieleweke mapema kwamba mtu huyu alinitia kinyaa. Nimesoma yaliyoandikwa juu yake alipostaafu, jinsi alivyokuwa baba wa wengi, taa ya wengi, na sijui nini ya wengi. Siyakatai. Mengine niliyaona kwa macho yangu. Lakini hakuna hata mmoja aliyetaja zile kucha, na mtu aliyekaa naye mezani hata wiki mbili hawezi kuwa amezisahau.

Alikuwa Mtanzania, amekaa Johannesburg miaka mingi kiasi kwamba taa za kuongoza magari aliziita "robot" hata akiongea na watu waliofika jana kutoka Tabora. Mimi nilimjua mwaka 2015, nilipotoka Nairobi kuja kusoma shahada ya uzamivu chini yake. Kazi yetu ilikuwa kuchunguza miezi ya barafu inayoizunguka Zohali, ile sayari kubwa yenye pete. Hatukuwa na darubini ya maana. Tulikuwa na kompyuta, na data zilizotumwa na chombo cha angani kilichokuwa kikiizunguka Zohali tangu mimi niko shule ya msingi.

Ndani ya chombo hicho mlikuwa na kifaa kinachoona urujuanimno, ule mwanga wa jua unaounguza ngozi na usioonekana kwa macho. Mbinu yenyewe ni rahisi, hata mama yangu nimemweleza akaelewa. Unakielekeza kifaa kwenye nyota kali, kisha unangoja mwezi upite mbele yake. Mwezi ukiwa mkavu, nyota huzimika ghafla ikiingia nyuma ya mwezi, na huwaka ghafla ikitokea upande wa pili. Mwezi ukiwa unatoa mvuke wa maji, mvuke huo hula mwanga kidogo kidogo, na nyota hufifia polepole au huwaka polepole. Penye mvuke pana maji, na penye maji watu huanza kuota habari za uhai.

Profesa alikuwa na mvuke wake. Miaka mingi kabla sijafika alikuwa ametangaza kwamba mwezi mmoja mdogo, ambao wengine waliuona bonge la barafu lililokufa, unatoa mvuke mwembamba, tena upande mmoja tu. Nyota ilipoingia nyuma ya mwezi huo ilizimika ghafla. Ilipotoka, iliwaka polepole. Basi upande mmoja mkavu, upande wa pili una mvuke. Makala hiyo ilimpa cheo, ofisi ya kona na mialiko ya kila mwaka. Wenzake wa ng'ambo walianza kuuita "mwezi wa Profesa". Yeye alijifanya hapendi, kisha akachapisha picha kubwa ya mwezi huo akaitundika sebuleni, pale ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi.

Alikuwa na misemo yake, na ole wako ukiisahau. "Data haina shangazi," alisema, yaani data haimpendelei mtu. "Jina ni la kaburini," alisema wanafunzi walipogombania nani atangulie kwenye makala. Mlangoni mwa ofisi yake mlikuwa na vibao vitatu vyenye jina lake, kimoja cha shaba. Niliwahi kumtania juu ya vibao hivyo. Alicheka mpaka yai alilokuwa anatafuna likanirukia kwenye mkono wa sweta. Alikula mayai ya kuchemsha ofisini kila siku, akiongea, na maganda aliyatia kwenye kikombe cha chai ya juzi. Vikombe hivyo vilikuwa saba au nane dirishani, vimeota ukungu wa kijani, na mwanafunzi mgeni alipojitolea kuviosha alikaripiwa kana kwamba amegusa maiti.

Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Observatory, juu ya kilima, na Jumapili ilijaa watu. Wakongo walipanda kwa miguu kutoka mtaa jirani wa Yeoville, Wakenya walikuja na watoto wao waliojibu Kiswahili kwa Kiingereza, na mara mojamoja alikuwapo Mtanzania mfanyabiashara wa Mayfair akiwa ametoka kuswali. Profesa alipika pilau mwenyewe. Alionja kwa mwiko, akaulamba mwiko juu na chini, akaurudisha sufuriani, akakoroga. Nilikula pilau hiyo miaka minne. Ilikuwa tamu, na kila nilipomeza niliuona ule ulimi.

Lakini mtu akikwama na kibali cha kukaa nchini, Profesa ndiye aliyempeleka kwenye foleni alfajiri, akakaa naye mpaka mchana, akazungumza na makarani kwa Kizulu chake kibovu hadi wakacheka na kupiga muhuri. Mwaka niliofika, wiki ile maduka ya wageni yalipovunjwa, aliendesha gari lake kuukuu mpaka Yeoville mara tatu kwa siku moja, akarudi na watu. Mmoja wao alikuwa mama mmoja kutoka Lubumbashi mwenye saluni ya kusuka nywele. Profesa alimpa chumba chake cha kulala, yeye mwenyewe akalala sakafuni jikoni kwa siku sita. Mama huyo hakuchoka kulisimulia jambo hilo. "Ule Profesa ni mutu ya Mungu," alisema. "Kama haikuwa yeye, leo miye sikuweko." Ungemwambia nini mtu kama huyo? Habari za mwiko?

Kwa hiyo mwaka uliofuata, mpwa wa mama huyo alipofika kutoka Lubumbashi na shahada ya fizikia mkononi, haikuwa ajabu kwamba alikuja kwetu kusoma uzamili. Aliitwa Solange. Aliishi kwa shangazi yake Yeoville, akisuka wateja Jumamosi na kusoma siku nyingine zote. Aliniita Yaya, kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa. Kwetu Kenya yaya ni mlezi wa watoto, na mwezi wa kwanza nilinuna kila aliponiita. Baadaye nilizoea. Baadaye zaidi nililipenda jina hilo, na sasa nikilisikia natamani kuziba masikio.

Solange ndiye aliyeuona ukweli, na namna alivyouona inachekesha. Sisi wote tulikuwa na desturi moja tuliyofundishwa na Profesa, tukaiita kukata kichwa. Kila kipande cha data, dakika chache za mwanzo tulizitupa kabla hata ya kuzitazama. Kwa nini? Kwa sababu kifaa kikifunguliwa tu huwa hakijatulia. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na hakuna aliyeuliza zaidi. Solange alifika Profesa akiwa safarini, mimi nikiwa na kazi zangu, na hakuna aliyemweleza. Hakukata kichwa. Akazitazama zile dakika ambazo sote tulikuwa tumezitupa miaka yote.

Alizileta mkutanini Jumanne moja, mwaka 2017. Mchoro wake ulikuwa na mistari miwili, mmoja wa kijani na mwingine wa rangi ya chungwa.

"Profesa, huu wa kijani ni ule mvuke yako," alisema. "Nyota inatoka nyuma ya mwezi, inapanda polepole. Sasa angalia huu wa chungwa. Hii ni nyota ingine, iko peke yake. Hakuna mwezi hata moja mbele yake. Ni mwanzo tu, kifaa inafunguliwa. Na yenyewe inapanda vilevile."

Mistari ilikuwa imelaliana kama nywele mbili za kichwa kimoja. Nilielewa papo hapo. Kifaa kikitoka gizani kwenda kwenye nyota kali hakioni sawasawa mara moja, kama mtu aliyeamshwa usingizini kabla hajapikicha macho. Mwanzoni mwa data tulikuwa tunaukata usingizi huo. Lakini nyota ilipojificha nyuma ya mwezi, kifaa kilirudi gizani kikasinzia tena katikati ya kazi, na ilipotokea kikaamka polepole. Pale katikati hakuna aliyekata kitu. Usingizi ule wa kifaa ndio uliokuwa mvuke wa Profesa.

"Binti, umefika hapa lini?" Profesa aliuliza.

"Mwaka jana, Profesa."

"Mwaka jana. Na chombo kiko huko miaka kumi na mitatu. Watu wote hao hawakuona, umeona wewe."

"Lakini Profesa," Solange alisema, na naapa hakuwa na kejeli hata chembe, "si wewe unasemaka data haina shangazi?"

Mtu mmoja akakohoa. Profesa aliweka kikata-kucha mezani, akatabasamu, akasema tutalizungumza siku nyingine.

Hakumfokea. Angemfokea ningemheshimu kidogo. Alichofanya ni kumwua kwa upole. Wiki iliyofuata alimwambia mada yake ni nzito mno kwa uzamili, atafute nyingine. Alipoleta nyingine, ilikuwa nyepesi mno. Sura alizoandika zilikaa ofisini miezi na kurudi bila neno hata moja, ila na duara la chini ya kikombe kwenye ukurasa wa juu. Ulipofika wakati wa kumwombea muda zaidi, fomu ilihitaji saini yake, naye akasema kwa huzuni kubwa kwamba binti bado hajakomaa. Mtu yuleyule aliyesimama kwenye foleni alfajiri kwa ajili ya saini za watu asiowajua! Solange alifungasha daftari zake akarudi Yeoville, kwenye saluni ya shangazi, safari hii siku zote sita.

Katikati ya hayo, Septemba ya mwaka huohuo, chombo kiliishiwa mafuta kikaangushwa makusudi ndani ya Zohali kiungue. Tulitazama mchana ule kwenye ukuta wa darasa. Mawimbi ya redio yalipokatika, Profesa alilia. Alilia kwa sauti, bila aibu, kamasi zikamtoka, akazifuta kwa kiganja, kisha kwa kiganja hichohicho akanishika bega akasema, "Amekufa, binti. Rafiki yetu amekufa." Machozi yake yalikuwa ya kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nalia. Nilikwenda chooni nikalisugua lile bega kwa sabuni mpaka gauni likalowa, na hata sasa sijui nilikuwa nafuta kamasi au kitu kingine.

Mwaka uliofuata makala ilitoka. Makala mpya ya Profesa, ikieleza kwamba mvuke wa mwezi ule haukuwapo kamwe, na kwamba kosa lilitokana na kifaa kuamka polepole. Mchoro wa pili ulikuwa na mistari miwili, mmoja wa kijani na mwingine wa rangi ya chungwa. Hata rangi hakujishughulisha kuzibadilisha. Aliitolea mhadhara chuoni, akasema mwanasayansi mkweli hujisahihisha mwenyewe, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Mwanamke mmoja mbele yangu alitoa kitambaa akafuta macho. Nilitamani kutapika mkobani.

Majina kwenye makala yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa lake. La pili lilikuwa langu.

Nyani haoni kundule, na mimi nimesimulia mengi ya mwenzangu kabla ya kulifikia langu. Aliniita ofisini akaniambia, "Nimeweka jina lako, umenisaidia kukagua hesabu." Nilikuwa nimezikagua alasiri mbili. Tasnifu yangu ilikuwa mezani kwake, chini ya sahani ya maganda ya mayai, ikingoja saini. Nilijua mchoro ni wa nani. Nikasema, "Asante sana, Prof." Akasaini tasnifu wiki ileile.

Kisha nilishuka Yeoville kumwambia Solange kabla hajasikia kwa wengine. Alikuwa anasuka mteja. Alisikiliza bila kusimamisha vidole.

"Na wewe Yaya, haukusema kitu?"

"Nilimwomba aweke jina lako," nikasema. "Mara mbili. Amekataa."

Sikuwa nimemwomba hata mara moja. Sikujua kwamba nitasema hivyo mpaka niliposikia nimeshasema. Solange aliacha kusuka, akanishika mkono kwa vidole vyenye mafuta ya nywele, akanishukuru kwa kumpigania. Mteja naye akasema, "Eish, huyo mzee." Nami nikatikisa kichwa kwa masikitiko.

Mwaka 2019 Solange alipata nafasi nyingine. Chuo kimoja cha mji mwingine kilikuwa tayari kumpokea amalize uzamili wake, lakini mwalimu wa huko aliona kwenye rekodi kwamba aliondolewa kwa kutokomaa, akataka ushahidi wa uwezo wake. Solange alimweleza kwamba ndiye aliyegundua lile kosa la mvuke. Mwalimu akajibu kwa adabu kwamba makala ina majina mawili na la kwake halimo. Kama Profesa angethibitisha kwa maandishi, wangempokea. Kama sivyo, basi. Alikuwa na wiki mbili.

Mimi ndiye niliyeandika barua ya Profesa kutia saini, maneno machache tu, kwamba Solange ndiye wa kwanza kuona, na kwamba mchoro ni wake. Nilitaka kwenda nayo peke yangu. Nilimwambia ataumia bure kumwona mzee yule, nilimwambia nitamtumia ujumbe nikitoka, nilimwambia kila kitu isipokuwa sababu. Akakataa. "Yaya, ulishanipiganiaka peke yako mara mbili," alisema. "Leo tunaenda wote."

Tulipanda Observatory Jumamosi asubuhi. Njia nzima nilikuwa natunga maneno, endapo lolote litasemwa.

Profesa alikuwa amestaafu na amekonda. Alimkumbatia Solange kana kwamba waliagana jana kwa furaha, akamwuliza habari za shangazi, akatukalisha sebuleni. Solange alimpa barua kwa mikono miwili. Aliisoma mara mbili, midomo ikichezacheza. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na hasira ya miaka miwili, nimeipanga vizuri, na nilijua nitaanzia wapi.

"Ni kweli," akasema. "Yote haya ni kweli." Akachukua kalamu akatia saini, akaandika na tarehe.

Hivyo tu. Hasira yangu ikakosa pa kwenda. Solange alikuwa amefumba macho, midomo ikitamka kitu bila sauti, nadhani sala.

"Lakini mngesema mapema," Profesa aliendelea, akimrudishia barua. Hakuwa mkali. Alionekana kushangaa. "Makala ile ilikaa kwangu mwezi mzima kabla sijaituma. Mtu angeniomba niliweke jina la Solange, ningeliweka. Hakuna aliyeniomba."

Solange alifumbua macho.

"Lakini Profesa, Yaya alikuombaka," alisema. "Mara mbili."

Nje taksi ilipiga honi, ikapiga tena. Niliitazama barua iliyokuwa magotini pa Solange. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, sikumwomba, na lilikuwa mdomoni. Nilikuwa nausikia uzito wake kwenye ulimi. Maneno niliyoyatunga njiani sikuyakumbuka hata moja.

Profesa alinitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mwepesi wa kuona kosa kwenye mstari wa tatu, na aliliona. Kisha akamgeukia Solange, uso ukiwa umelainika.

"Ah, ndiyo," akasema. "Aliniomba. Mara mbili, kweli kabisa. Nimesahau, mwanangu. Uzee huu, nisamehe."

Neno hilo lilimtoka laini, bila kujikwaa popote. Ningeweza kulikataa wakati huo bado. Nilihesabu pumzi mbili, tatu, na nikaona kwamba silikatai.

Solange aliikunja barua, akaitia mkobani, akajifuta macho kwa kiganja. Akatushukuru, kwanza Profesa, kisha mimi.

"Usijali," akasema Profesa.

"Usijali," nikasema na mimi.